"Mwanachama Hai" Aandikwe Sehemu Moja: Kweri Zenye Majina kwenye Mifumo ya Ushirika

Mfumo wa AMCOS (ushirika wa msingi wa mazao) ukitoa idadi tatu tofauti za wanachama hai, mara nyingi kosa haliko kwenye takwimu zenyewe. Skrini ya mhasibu inaondoa waliojitoa. Ripoti ya bodi inaondoa waliojitoa na wasioleta kahawa msimu huu. Orodha ya kutuma ujumbe wa simu inaondoa tu wasio na namba. Kila mtengeneza programu aliandika sharti lake pale alipolihitaji, na kila sharti lilionekana sahihi lilipoandikwa.

Msimamo wangu: kila neno ambalo ushirika unalitumia kuamua nani apate nini, kama "mwanachama hai", "risiti halali" au "malipo ya pili yanayodaiwa", liwe na kweri moja yenye jina (kweri ni ombi ambalo programu huiuliza kanzidata), iandikwe ndani ya modeli, yaani msimbo unaoelezea jedwali, na skrini zote ziite jina hilo. Mifumo tunayojengewa huku Nyanda za Juu Kusini, ya kahawa Mbozi na Rungwe, ya kakao Kyela, ya parachichi Njombe, inagawa fedha za wakulima. Sharti moja likisahauliwa, kuna mkulima atakosa malipo yake, au asiyestahili atalipwa.

Nyenzo za kujengea mifumo zipo siku nyingi. JPA ya Java ina @NamedQuery tangu mwaka 2006. Rails ya Ruby ilileta kweri zenye majina kwenye toleo la 2.1 mwaka 2008. Laravel ya PHP ina scope, yaani sharti lililopewa jina, na Django ya Python ina QuerySet unayoiongezea njia (method) zako mwenyewe. Mfano wa Django ndio huu, unaochagua asiyejitoa na mwenye risiti isiyobatilishwa msimu huo:

    class MwanachamaQuerySet(models.QuerySet):
        def hai(self, msimu):
            risiti = Risiti.objects.filter(
                mwanachama=OuterRef("pk"),
                msimu=msimu, batili=False)
            return self.filter(
                Exists(risiti),
                tarehe_kujitoa__isnull=True)

Kwenye modeli unaweka objects = MwanachamaQuerySet.as_manager(), kisha popote unaandika Mwanachama.objects.hai(msimu).filter(kijiji=kijiji). Jina liwe lile analolitumia mhasibu mezani, ili akiuliza "hai ni nani?" umfungulie mistari hiyo michache na kumsomea.

Tazama Exists hapo, maana ndipo wengi wanapoharibu. Njia fupi ni kuandika filter(risiti__msimu=msimu), nayo huunganisha majedwali mawili. Ikitumika peke yake utaona jina la mwanachama limejirudia, utaongeza distinct(), inayoondoa marudio, na kuona umemaliza. Lakini kweri yenye jina imetengenezwa ili wengine waiendeleze. Mwenzako akijumlisha kilo na malipo kwa pamoja, mkulima mwenye risiti 3 na malipo 2 anakuwa na mistari 6. Risiti zake za kilo 40, 55 na 25 ni kilo 120, ila ripoti itasema 240. Malipo yake ya shilingi 200,000 na 150,000 yatasomeka 1,050,000 badala ya 350,000. Hakuna ujumbe wowote wa hitilafu utakaotokea, na distinct() haiokoi hesabu hiyo. Exists huuliza tu kama risiti ipo, haizidishi mistari. Kwa hiyo kipande chochote cha kutumiwa tena kisiunganishe jedwali la upande wa "wengi". Majumlisho nayo yafanywe kila moja kwa kweri yake ya ndani.

Msimu pia uwe na jedwali lake, lenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kahawa yetu huvunwa katikati ya mwaka, lakini malipo ya pili yanaweza kuangukia mwaka unaofuata. Anayechuja kwa mwaka wa kalenda atakuwa ameukata msimu mmoja vipande viwili.

Tarehe zina mtego mwingine. Mtu akiandika def za_leo(self, siku=date.today()), Python hukokotoa tarehe hiyo mara moja tu, programu inapowaka. Siku ya kwanza ripoti ni sahihi. Kesho yake seva bado inawaka na "leo" bado ni jana. Rails ilikuwa na tatizo la aina hiyohiyo, ndiyo maana tangu toleo la 4 inalazimisha scope iandikwe kwa lambda, yaani kipande kinachokokotolewa upya kila kinapoitwa. Tarehe ikokotolewe ndani ya njia, kwa timezone.localdate(), na TIME_ZONE iwekwe Africa/Dar_es_Salaam. Mradi mpya wa Django huanza na UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa 3, hivyo malipo ya simu yaliyoingia kati ya saa sita na saa tisa usiku huhesabiwa siku iliyopita.

Watumiaji wa JPA wana faida moja ninayoithamini sana: Hibernate, programu inayoitekeleza JPA, hukagua kweri zote za @NamedQuery programu inapowaka. Ukikosea jina la sehemu (field) ya modeli, mfumo unakataa kuwaka ukiwa bado mikononi mwako, badala ya karani kukutana na kosa hilo wakulima wakiwa foleni. Udhaifu wake ni kwamba kweri hiyo ni maandishi kamili, huwezi kuiongezea sharti mbele. Ukiwa na vichujio 3 vya hiari, tuseme kijiji, jinsia na hali ya malipo, unahitaji kweri 8 zenye majina marefu. Wengine hukwepa kwa kuandika :kijiji is null or m.kijiji = :kijiji, na mara nyingi matokeo yake ni kanzidata kushindwa kutumia faharasa (index, orodha ya kutafutia haraka) vizuri. Hapo ningeacha @NamedQuery kwa ripoti zisizobadilika, na vichujio vya hiari nivijenge kwa Specification za Spring Data, vipande vya masharti vinavyounganishwa inapohitajika.

Faharasa ni sababu nyingine ya kung'ang'ania sehemu moja. Kanzidata ya PostgreSQL inakubali faharasa ya sehemu ya jedwali:

    CREATE INDEX ON risiti (mwanachama_id, msimu_id)
    WHERE NOT batili;

Itatumika pale tu kanzidata inapoweza kuthibitisha kwamba sharti la kweri linaangukia ndani ya sharti la faharasa. Django ikipewa batili=False huandika NOT batili, na mambo yanakwenda. Mwingine akiandika kwa mkono batili IS NOT TRUE, sharti lake linaingiza na mistari isiyo na thamani, na faharasa inaachwa. Kwenye JPA andika false wazi ndani ya kweri. Ikipitishwa kama kigezo, uthibitisho huo unaweza kushindikana. Sharti likiwa limeandikwa sehemu moja, unalipima kwa EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha kanzidata imetekelezaje kweri, mara moja na skrini zote zinanufaika.

Nisichokubali ni kuficha sharti kwenye meneja wa msingi (mlango ambao kweri za modeli huanzia), yaani kufanya objects yenyewe irudishe wanachama hai tu. Inavutia kwa sababu hakuna anayeweza kusahau. Lakini kwenye Django ukurasa wa admin hutumia meneja huyohuyo, hivyo aliyejitoa hawezi kuonekana wala kurekebishwa. Fomu nayo hutumia meneja huyo kukagua namba zinazojirudia: itakubali namba ya aliyejitoa, kisha kanzidata itaikataa kwa IntegrityError ambayo karani wa Vwawa hawezi kuielewa. Acha objects ionyeshe wote, na anayetaka walio hai aandike hai().

Upakiaji wa data zinazohusiana nao usiingizwe ndani ya hai(). Tengeneza njia ya pili, na_malipo(), yenye prefetch_related, inayovuta malipo ya wote kwa mkupuo, uiite kwenye skrini inayoyaonyesha malipo. Bila hiyo, orodha ya wanachama 300 hutuma kweri 301. Kanzidata ikiwa kwenye kompyuta ileile hutahisi kitu. Ikiwa mbali, na kila safari ikachukua milisekunde 40, karani anasubiri sekunde 12.

Jaribio lake ni fupi na halina kisingizio. Weka wanachama wanne: mwenye risiti halali, asiye na risiti, aliyejitoa baada ya kuleta kahawa, na ambaye risiti yake pekee imebatilishwa. hai() irudishe mmoja. Ongeza assertNumQueries, inayohesabu kweri zilizotumwa, kwenye jaribio la skrini.

Halafu kuna mkutano mkuu. Wanachama wakiamua kwamba kuanzia msimu ujao mwanachama hai ni aliyeleta angalau kilo 50, ukibadilisha hai() moja kwa moja utakuwa umebadilisha na ripoti za misimu iliyokwisha kukaguliwa. Kiwango hicho kikae kwenye jedwali la msimu, safuwima kilo_za_chini, misimu ya nyuma iwe na 0, na hai(msimu) isome kutoka humo. Exists pekee haitatosha tena. Utahitaji kweri ya ndani inayojumlisha kilo na kuzilinganisha na kiwango cha msimu, bado bila kuunganisha majedwali. Saini ya njia, yaani jina na vigezo vyake, haibadiliki, skrini zilizokuwa zikiita hai(msimu) haziguswi, na jaribio linaongezewa mwanachama wa tano mwenye kilo 49.