Saa nzima ya Bongo, dakika 20 za Uingereza

Kila nikija Dar likizo hakosi mtu wa kuniambia, "Ninyi huko mmeula, mfanyakazi anaheshimiwa." Nami huwa nauliza: anaheshimiwa na sheria au na bosi? Kwa sababu kwenye mapumziko ya kazini, sheria ya Tanzania Bara imemwacha Mwingereza mbali.

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kaskazini mwa England. Kanuni za saa za kazi za mwaka 1998 zinanipa dakika 20 za kupumzika zamu ikizidi saa sita. Ishirini! Na mwajiri halazimiki kuzilipia mpaka mkataba useme hivyo. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe dakika 60. Nazo hazilipiwi, labda uambiwe ufanye kazi au ukae tayari kwa kazi. Kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine, huku ni saa 11, kwetu 12.

Sasa hiyo saa nzima nani anaiona? Nenda Kariakoo mchana. Dada wa dukani kachuchumaa nyuma ya kaunta, sahani ya wali maharage iko juu ya boksi la vitenge. Mteja akiingia anafunika sahani, anajifuta mkono, "Karibu dada, angalia tu." Anauza, anarudi kwenye wali, anaingia mwingine. Jioni ukimwuliza kama alipumzika atakwambia ndiyo, si alikula?

Mlinzi ndiyo usiseme. Anaingia saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi, na wa kumpokea akichelewa yeye bado yuko getini. Halafu daladala mbili mpaka Mbagala, na jioni arudi.

Dakika zangu 20 ni chache, ila nazipata, na sababu yake ni karatasi moja tu ukutani: jina langu, saa ninayotoka, na jina la anayeshika nafasi yangu. Kengele ya mzee ikilia nikiwa na chai mkononi, anaamka mwenzangu. Hapo ndipo penye tofauti yote. Mapumziko bila mtu wa kukushikia nafasi ni maneno matupu, yawe ya Dodoma au ya London.

Msidhani huku ni peponi, lakini. Mahali nilipoanzia, mashine ya kuingilia kazini ilikata nusu saa kila zamu, umepumzika hujapumzika. Ile fomu ya kukubali kuvuka saa 48 kwa wiki huchomekwa katikati ya makaratasi ya siku ya kwanza. Kisheria una haki ya kuikataa, lakini mgeni ambaye viza yake imefungwa kwa mwajiri atakataa kwa ubavu gani? Huyo hana tofauti na yule dada wa Kariakoo.

Binamu yangu ana duka na wasichana watatu. Nilipomgusia habari hii alicheka: "Nikiwapa saa nzima, nani atauza?" Nikamwambia sheria inamruhusu kumfanyisha mtu kazi wakati wa mapumziko iwapo tu kazi haiwezi kuachwa, au hakuna mwingine wa kuifanya. Yeye ana wengine wawili wamesimama palepale! Duka linafunguliwa saa 3 asubuhi. Mmoja atoke saa 6, wa pili saa 7, wa tatu saa 8. Aandike kwenye karatasi, aibandike ukutani, karibu na leseni ya biashara.

Anasema atalifikiria baada ya Idi, mauzo yakipungua. Nimemjibu aanze kabla ya Idi, maana ndipo wasichana hao wanaposimama tangu asubuhi mpaka usiku.