Kanoni za Utani za Mozart na Aibu Waliyozivika Wachapishaji

Tarehe 10 Agosti 1788, Wolfgang Amadeus Mozart aliingiza katika orodha ya kazi zake simfoni ambayo baadaye ulimwengu uliipa jina la Jupiter. Siku 23 baadaye, tarehe 2 Septemba, alirudi kwenye orodha hiyohiyo akaandika kwa mkupuo mmoja kanoni kumi, yaani nyimbo za sauti zinazofuatana na kuimba wimbo uleule. Mbili za kwanza ni za ibada, Alleluja na Ave Maria. Zilizosalia ni mchanganyiko wa mapenzi, majonzi na utani wa mezani, na baadhi yake zina maneno ambayo mtu mzima hayatamki mbele ya wakwe zake. Tangu Mozart afariki mwaka 1791, wapenzi wa muziki wake wamegawanyika juu ya hizo za mwisho. Wapo wanaoziona kuwa takataka za mezani ambazo hazikupaswa kutoka nje ya chumba zilimoimbwa, na wapo wanaoziona kuwa kazi halali ya mtunzi, zenye haki ya kuimbwa kwa maneno yake mwenyewe.

Hoja ya upande wa kwanza si ya kupuuzwa, lakini ni vigumu kuipima kabla ya kuitazama kanoni yenyewe kwa karibu, kwa sababu wengi wanaozidharau tungo hizi huzijua kwa sifa mbaya ya maneno tu. Tuchukue ile iliyopewa namba K. 559 (K. ni kifupi cha Köchel, aliyezipanga kazi za Mozart kwa namba), ya sauti tatu, inayoanza kwa maneno yanayofanana na Kilatini: “Difficile lectu mihi mars et jonicu”. Msomaji anayejua Kilatini atahangaika kuipata maana, kwa kuwa maana haimo humo. Imo katika mdomo wa mwimbaji. Mwaka 1824, Gottfried Weber, mwandishi wa mambo ya muziki, alisimulia katika jarida la Caecilia kwamba Mozart alikuwa na rafiki aliyeitwa Johann Nepomuk Peyerl, mwimbaji hodari wa tenori mwenye matamshi ya ajabu ambayo marafiki zake walizoea kuyacheka. Ikawa jioni moja Mozart akamtungia maneno ambayo yakipita katika matamshi hayo yanageuka. “Lectu mihi mars” inasikika kama “leck du mich im Arsch”, yaani “nilambe matakoni”, ambayo kwa Kijerumani cha wakati ule ni njia ya kumwambia mtu apotelee mbali. Goethe, mwandishi mashuhuri wa Kijerumani, alikwisha kuyatia maneno ya namna hiyo katika tamthilia yake ya Götz von Berlichingen mwaka 1773.

Mtego wa pili ni mzuri zaidi, na msemaji wa Kiswahili ataushika upesi kuliko wengi, kwa sababu ni kinyume hasa, ule mchezo wa kugeuza silabi. Mtu akirudia “taka, taka, taka” bila kupumua, sikio la msikilizaji huanza kusikia “kata”. Vivyo hivyo, “jonicu” ikirudiwa mfululizo huzaa “cujoni”, neno linalokaribiana sana na tusi la Kiitaliano la korodani. Sasa kanoni kwa asili yake ni wimbo wa kufukuzana: sauti ya kwanza inaanza, ya pili inaingia na wimbo uleule, ya tatu inafuata, na zote zinaendelea kuzunguka. Hakuna umbo la muziki linalofaa zaidi kulizungusha neno hadi lipinduke. Mzaha haukubandikwa juu ya muziki, umbo lenyewe ndilo linaloufyatua. Hilo ndilo jambo ambalo upande wa pili hulijua na upande wa kwanza hulisahau.

Weber anaendelea kusimulia kwamba mara tu maneno yalipomtoka Peyerl kama ilivyotarajiwa, Mozart aligeuza karatasi, na nyuma yake ilikuwapo kanoni nyingine, ambayo kundi zima liliiimba badala ya kupiga makofi: “O du eselhafter Peierl”, yaani ewe Peyerl mwenye upunda. Hapa ndipo hoja ya wapingaji inapopata nguvu yake ya kweli. Ni mtu mmoja anayechekwa na wengi kwa jinsi alivyojaliwa kutamka, na katika simulizi hiyo neno la mwisho ni la kundi, si lake. Mwenye kuona ukatili katika jambo hili hajakosea njia. Hata hivyo Waswahili tunajua kwamba kuna dhihaka na kuna utani, na kinachovitenganisha si ukali wa maneno bali uhusiano wa wanaoambizana na zamu ya kurushiana. Kanoni hiyo ya punda ipo pia katika toleo ambalo jina la Peyerl limeondolewa na mahali pake likawekwa jina la Martin. Upunda, basi, ulikuwa kofia iliyopitishwa kichwani kwa huyu na yule. Kwangu mimi ushahidi huo unaelekea kwenye utani, ingawa sidai kwamba kila aliyevishwa kofia ile aliifurahia.

Upande wa wapingaji una shahidi mwingine mzito zaidi, naye ni Constanze, mjane wa mtunzi. Alipopeleka kanoni hizi kwa wachapishaji Breitkopf & Härtel mwaka 1799, yeye mwenyewe alisema kwamba zingehitaji kurekebishwa kabla ya kuchapishwa. Ndivyo ilivyofanyika. Kanoni ya sauti sita ya mwaka 1782, K. 231, ambayo ilianza kwa “Leck mich im Arsch”, ikatoka na maneno “Lasst froh uns sein”, yaani tuwe na furaha. Mtu anaweza kusema kwamba ikiwa mke aliona hivyo, sisi ni nani? Lakini tuangalie kwa makini alichosema. Constanze hakuzificha wala kuzichoma. Alizitaka zisomwe, akatambua kwamba soko la wanunuzi wa nota halikuwa chumba cha marafiki. Huo ni uamuzi wa biashara wa mjane mwenye watoto wawili wa kulea, nao ulifaa kwa mwaka 1799. Kuugeuza kuwa hukumu ya kudumu juu ya thamani ya tungo ni kumbebesha maneno ambayo hakuyatamka.

Pengine njia ya hila zaidi ya kuziondoa kanoni hizi katika hesabu ni ile ya kuziita dalili za ugonjwa. Mwaka 1992 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha makala ya Benjamin Simkin aliyepitia barua 371 za Mozart, akakuta maneno ya choo katika barua 39, na akapendekeza kwamba mtunzi alikuwa na ugonjwa wa Tourette, unaomfanya mtu atoe miondoko au sauti bila kukusudia, na wengine hata matusi. Hesabu ni hesabu, siigombi. Ninachogombana nacho ni kuuliza idadi ya maneno bila kuuliza nyumba yalikotoka, na hilo nitalirudia, kwa sababu nyumba hiyo ina jibu.

Kabla ya hapo, zile siku 23. Huwa zinanirudia kila nikisikia kwamba utani huu ni kazi ya mkono mwingine, mkono mzembe. Kwanza lazima niseme kwamba tarehe ya kuingiza kazi katika orodha si lazima iwe tarehe ya kuitunga, na huenda kanoni hizi zilikuwa zimekusanyika kwa muda kabla ya kuandikwa kwa pamoja. Hata hivyo hoja haidhoofiki, inabadilika tu. Orodha ile, aliyoianza Februari 1784, aliiita orodha ya kazi zake zote, na hakuna aliyemlazimisha kutia humo wimbo wa kumcheka rafiki. Aliutia, akaupa nafasi yake pamoja na Ave Maria. Tena majira yenyewe hayakuwa ya mtu asiye na shida: kuanzia tarehe 26 Juni hadi 10 Agosti aliingiza simfoni tatu kubwa, Juni hiyohiyo alikuwa akimwandikia rafiki yake mfanyabiashara, Michael Puchberg, barua za kuomba mkopo, na tarehe 29 Juni alifiwa na bintiye Theresia, mtoto wa miezi sita. Katika sehemu ya mwisho ya Jupiter anazisuka mada tano za muziki zikaimba kwa wakati mmoja bila kugongana. Kanoni inadai ustadi huohuo katika nafasi ndogo, kwa kuwa kila kipande cha wimbo lazima kikae vizuri juu ya kipande kingine cha wimbo uleule. Mkono ni mmoja.

Wapingaji wana haki pia ya kutukumbusha kwamba jina la Mozart limevutiwa uchafu usio wake. Kanoni mbili za utani mchafu zilizohesabiwa kwa muda mrefu kuwa zake, K. 233 na K. 234, zilibainishwa na Wolfgang Plath, mtafiti wa kazi za Mozart, kuwa za daktari mmoja mpenda muziki, Wenzel Trnka. Onyo hilo nalikubali kwa mikono miwili.

Sasa nyumba. Tarehe 26 Septemba 1777, Anna Maria Mozart, mama yake Wolfgang, alimwandikia mumewe Leopold barua kutoka Munich. Alikuwa safarini na mwanawe wakitafuta kazi ya kudumu kwa kijana huyo. Akamuaga mumewe kwa mashairi: aishi salama na anyooshe kalio hadi mdomoni, kisha akamtakia usiku mwema, na ajinyee kitandani mpaka kitanda kilie. Huyu si mgonjwa wala mhuni. Ni mke wa miaka mingi akimtania mumewe kwa lugha ya nyumbani kwao Salzburg, katika barua ambayo alijua itasomwa kwa upendo. Safari ile iliendelea hadi Paris, na huko Anna Maria alifariki tarehe 3 Julai 1778, akiwa mbali na mumewe, na mwanawe ndiye aliyekuwa naye.

Miaka kumi baadaye, katika zile kanoni kumi, imo K. 561, Bona nox, ya sauti nne. Ni wimbo wa kutakiana usiku mwema kwa lugha moja baada ya nyingine: Kilatini, Kiitaliano, Kifaransa, Kiingereza, na mwisho Kijerumani. Lugha za kigeni zinapewa mizaha mepesi ya vina. Inapofika zamu ya lugha ya nyumbani, yanatoka maneno ya mama, kitanda kulia na kalio hadi mdomoni, karibu neno kwa neno kama yalivyo katika barua ya 1777. Misemo hiyo ilikuwa ya watu wengi na Wolfgang mwenyewe aliitumia kwa binamu yake, kwa hiyo sisemi kwamba alikaa akalia juu ya barua ya marehemu. Nasema kwamba ndivyo usiku mwema ulivyosemwa kwao, na kwamba mtu aliyewapoteza wazazi wote wawili, kwani Leopold alifariki Mei 1787, aliuweka usiku mwema huo ndani ya muziki unaozunguka bila mwisho.

Ndiyo maana naona toleo lolote la leo lingepaswa kuchapa maneno ya asili, na yale yaliyorekebishwa yawekwe chini yake kwa anayeyahitaji. Kwaya nyingi za watoto huimba Bona nox hadi leo, na ni haki kabisa kwamba hazifundishwi mstari ule. Mahali pake wamewekewa maneno yenye kina kilekile, “bleib recht kugelrund”, yaani ubaki mviringo kama mpira, na pale ndipo Anna Maria alipokuwa.