Usiku umelala?

Jumamosi nilikwenda Wete, Pemba, kumtazama ami yangu. Nilimkuta uani, amekalia kibao, anageuza karafuu kwenye jamvi. Akapita jirani, akatoa salamu, akasema, "Mbona mzima wewe! Subira tu, mzee wangu." Ami akatabasamu, "Alhamdulillahi." Jirani alipoondoka niliutazama mkono wa kushoto wa ami: ulikuwa umeshika pembe ya kibao mpaka ncha za vidole zimekuwa nyeupe. Hasira niliyoipata haijanitoka hadi leo.

Ami alianguka mkarafuuni miaka 9 iliyopita. Mifupa iliunga. Picha hazioneshi kitu, na hapo ndipo watu walipoanza kusema anajitia, kazi hataki. Jamani! Mtu aliyepanda mikarafuu tangu ujana wake, raha gani anaipata kukaa uani akitazama wapita njia?

Maumivu yakipita miezi 3 madaktari huyaita sugu, na mara nyingi hayana tena jeraha la kuonesha. Mwaka 1965 wataalamu wa maumivu Melzack na Wall waliandika kwamba kwenye uti wa mgongo pana kama mlango wa kuyazuia maumivu au kuyaachia, na ubongo nao una mkono katika mlango huo. Hofu huyazidisha, kukosa usingizi huyazidisha. Basi ukimwita mtu muongo hujamvunja moyo tu, umemwongezea maumivu yenyewe. Wengine wakisikia ubongo husema, "Ah, ya kichwani tu hayo." Siyo. Yanauma vilevile.

Subira siikatai. Uradi wa ami ndio unaomvusha usiku, sina la kusema hapo. Lakini subira ni yake; si yangu mimi mtazamaji kumgaia.

Na salamu zetu hizi. Hujambo, sijambo. U hali gani, alhamdulillahi. Ami hasemi uongo, anamshukuru Mola wake. Ila sisi tukishalisikia jibu hilo tunaona habari imekwisha, tunaondoka. Keti. Salamu zikisha, uliza tena: usiku umelala?

Nilimuuliza. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, tangu saa saba nilikuwa macho mpaka adhana ya Alfajiri. Nikilalia ubavu huu unachoma, nikigeuka unavuta."

Miaka 9, sijapata kumsikia akisema hayo. Nikataka kumpokea kazi akapumzike. Akakataa.

"Wewe geuza huko mbali," akaniambia. "Huku nafika mwenyewe."