Kiacheni Kimeng'enya na Uvivu Wake

Kuna video inazunguka kwenye simu za watu, na bila shaka na wewe umeshatumiwa na yule ndugu anayesambaza kila kinachomfikia. Jamaa kavaa koti jeupe, kajitundika stetoskopu shingoni, anatuambia kwamba sukari inapanda kwa sababu vimeng'enya vyetu, vile vinavyoharakisha kazi za kikemia mwilini, "vimelala". Dawa ni unga wake. Unaamsha vimeng'enya vyote.

Vyote! Mwilini mna maelfu ya vimeng'enya, na vingine kazi yake ni kujenga kilekile ambacho wenzake wanabomoa. Vikiamka vyote kwa mpigo vitashinda vikijenga na kubomoa huku nishati inateketea bure. Lakini sawa, tumsifu jamaa kwa ukarimu wake.

Sitabishana kuhusu unga. Kimeng'enya ni protini, na protini ukiimeza inasagwa tumboni kama protini nyingine yoyote. Kinachonikera ni imani iliyojificha nyuma ya unga huo, ambayo hata watu waliokaa darasani miaka mingi wanayo: kwamba kimeng'enya bora ni kile chenye kasi, na kinachokwenda polepole kina kasoro.

Nitamjibu kwa kimeng'enya kimoja tu. Glukokinesi.

Kazi yake ukiitazama haina makuu. Kinachukua fosfeti kutoka kwa ATP, ile molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye glukosi, yaani sukari ya damu, basi. Ndugu zake watatu, heksokinesi ya kwanza, ya pili na ya tatu, wanafanya kazi hiyohiyo katika tishu nyingine, na wao ndio hasa wangempendeza jamaa wa koti jeupe, maana ni walafi. Glukosi ikiwa chini kabisa ya milimoli moja kwa lita tayari wamejaa kazi. Sasa kumbuka kwamba damu ya mtu mwenye afya aliyeamka asubuhi bila kula ina kama milimoli 5. Maana yake walafi hawa wako kwenye kasi yao ya juu muda wote, na kuanzia hapo hawajui tofauti ya 5 na 9. Kinachowazuia ni zao lao wenyewe: glukosi-6-fosfeti ikirundikana, inawafunga mikono.

Glukokinesi ni kitu kingine kabisa. Ili kifikie nusu ya kasi yake kinahitaji glukosi ya milimoli 8 hivi, na lile zao halikizuii. Ukikipima kwa kigezo cha "nani anainasa glukosi upesi", hiki ndicho cha mwisho darasani. Lakini angalia kinachotokea mtu akila na sukari ikapanda kutoka 5 hadi 9: kasi ya kimeng'enya hiki inapanda nayo, hatua kwa hatua. Ikishuka, nacho kinashuka. Ule tunaouita uvivu ndio unaokiwezesha kupima. Ndiyo maana mwili umekiweka kwenye seli beta za kongosho, zile zinazotoa insulini, ambako glukosi-6-fosfeti ikiongezeka ATP nayo inaongezeka, mlango wa potasiamu unajifunga, kalsiamu inaingia, insulini inatoka. Mwanasayansi Franz Matschinsky alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti kuonyesha kwamba hiki ndicho kipima-sukari cha seli hizo. Weka mlafi mahali pake, na insulini itamwagika hata mtu akiwa na njaa.

Halafu kuna jambo ambalo kila nikilifikiria nashindwa kutulia. Kasi ya glukokinesi ikichorwa dhidi ya glukosi haitoi ule mpindo wa kawaida. Inatoa umbo la S. Umbo la S tumezoea kuliona kwenye himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, yenye vipande vinne vinavyopeana habari. Glukokinesi ni mnyororo mmoja tu, asidi amino 465 (ndizo tofali za protini), wenye mahali pamoja tu pa kuweka glukosi. Sasa unapeana habari na nani?

Unapeana habari na wakati uliopita. Mwaka 2004 ulipochapishwa muundo wake wa fuwele, ilionekana kwamba una pande mbili, kubwa na ndogo, na katikati yake ufa. Pasipo glukosi, upande mdogo unabembea mbali sana na ufa unabaki wazi kupita kiasi, hata vipande vinavyopaswa kuishika sukari havijakaa mahali pake. Glukosi ikiingia, upande mdogo unazunguka na kufunga, na tofali moja, asidi aspatiki ya namba 205, inafikishwa pale inapohitajika ili kazi ifanyike. Mageuzi hayo ni ya polepole. Kimeng'enya kikimaliza na kuachia zao lake, hakirudi papo hapo kwenye ule uwazi mkubwa. Kinakaa kidogo kikiwa tayari. Glukosi ikiwa tele, nyingine inaingia kabla hakijalegea. Ikiwa haba, kinalegea, na safari inaanza upya. Protini moja, isiyo na mwenzake wa kushauriana naye, inakumbuka kama hapa karibuni sukari ilikuwa nyingi. Na kumbukumbu hiyo ipo kwa sababu moja tu: ni kizito kubadilika. Kifanye chepesi, na umbo la S linatoweka.

Kwenye ini, ambako kimeng'enya hiki pia kipo, kuna udhibiti mwingine, nao nitaupitia haraka: protini maalumu inakishika na kukiweka ndani ya kiini cha seli wakati wa njaa, kisha inakiachia mlo ukifika. Insulini nayo inaongeza utengenezaji wake.

Tukimaliza hapo, turudi kwenye kuamsha. Glukokinesi kilichoamshwa hatuna haja ya kukifikiria, kipo. Mwaka 1998 ilielezwa familia ambayo valini ya namba 455 ilikuwa imebadilika kuwa methionini. Asidi amino moja kati ya 465! Kimeng'enya chao kikawa chepesi kuinasa glukosi. Matokeo yake insulini inatoka wakati ambapo sukari iko chini tayari, na inaishusha zaidi. Mabadiliko ya aina hii yamepatikana kwa wengine baadaye, wakiwemo watoto wachanga wanaopata degedege kwa sababu ubongo umekosa sukari. Huko ndiko kuamka.

Najua mtaniambia kuna dawa. Ni kweli. Mwaka 2003 zilitangazwa kemikali zinazojibanza kwenye kibonyeo kilicho yapata nanomita 2 kutoka mahali pa glukosi na kukikaza kimeng'enya katika hali ya utayari. Kampuni zikakimbilia. Dawa nyingi zilikwama kwenye majaribio: sukari ilishuka mno, mafuta ya damu yakapanda, na nguvu ya dawa ikafifia kadiri miezi ilivyokwenda. Moja, dorzagliatini, iliidhinishwa China mwaka 2022, na nakiri shingo upande kwamba inaonekana kuwa na adabu kuliko zilizotangulia. Hata hivyo, ni molekuli iliyotengenezwa kwa miaka mingi ili iguse kimeng'enya kimoja kwa kiasi. Hawakutikisa kopo la unga.

Wanaoniuma zaidi ni watu wa upande wa pili, ambao nakala yao moja ya jeni ya glukokinesi ni dhaifu. Walianza kueleweka mwaka 1992, familia za Ufaransa zilipochunguzwa. Hawa kipima-sukari chao kimewekwa juu kidogo tangu kuzaliwa: wakifunga, sukari inakaa kati ya milimoli 5.5 na 8, na inakaa hapohapo miaka nenda miaka rudi, kwa sababu udhibiti upo na unafanya kazi, ila kwa kiwango kingine. Madhara ya kisukari kwao ni nadra, na kwa kawaida hawahitaji dawa. Lakini bila kipimo cha jeni wanapewa jina la kisukari cha aina ya kwanza au ya pili, wanameza vidonge, wengine wanajichoma insulini, na namba haisogei, kisha wanaambiwa hawajitunzi. (Asiyepimwa jeni asiache dawa zake kwa kunisoma mimi.)

Ujauzito ndio unaobadilisha hesabu, na hapo pia si kwa kuelekea upande mmoja. Mtoto ambaye hakurithi jeni dhaifu anaiona sukari ya mama ni nyingi, anatoa insulini ya ziada na kunenepa akiwa tumboni mwa mama. Aliyeirithi anaiona ni ya kawaida. Ukiishusha kwa nguvu, yeye ndiye atakayezaliwa mdogo.