Acha Magurudumu ya Mbele Yashughulike na Usukani Tu

Nilijifunza udereva kwenye Toyota Mark II Grande ya baba mdogo, ile ya GX100 inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, yenye injini ya lita 2 na silinda 6 zilizopangwa kwa mstari mmoja. Onyo alilonipa siku ya kwanza halikuhusu mwendo kasi. Aliniambia kwamba mvua ikinyesha nisikanyage mafuta kabla usukani haujanyooka. Sikumwelewa mpaka asubuhi moja ya masika, nilipokuwa nikitoka kwenye kipilefti na kuona makalio ya gari yakitaka kunipita. Nililegeza mguu taratibu, nikageuzia usukani kule nyuma ilikokuwa ikielekea, na gari likatulia. Niliogopa, sikatai, lakini siku hiyo nilitambua kwamba hata mguu wa kulia unaweza kukata kona.

Hapo ndipo ulipo mvuto wa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, na wanaoutafuta kwenye kasi wanautafuta pasipo mahali pake. Kwa upande wa kasi ubishi ulikwisha zamani, na sisi wa Afrika Mashariki tulishuhudia ukiisha. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara 4 mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, kwa Datsun za kusukumwa na nyuma. Toyota Celica Twin Cam Turbo, nayo ya kusukumwa na nyuma, ikashinda 1984, 1985 na 1986. Mwaka uliofuata Hannu Mikkola akaja na Audi iliyotumia magurudumu yote manne, akashinda, na mwaka 1988 Lancia ya aina hiyohiyo ikapokea kijiti. Kwenye tope na changarawe magurudumu manne hayana mpinzani, na anayeishi mahali penye barabara ya udongo mwekundu asinisikilize mimi.

Lakini kwenye lami hesabu ni nyingine. Tairi lina kiasi maalumu cha kushika barabara, na kiasi hicho hugawanywa kati ya kazi zote linazotwishwa. Gari la kuvutwa na mbele huyataka matairi yaleyale yavute gari na wakati huohuo yaligeuze. Mshika mawili moja humponyoka, kwa hiyo ukikanyaga mafuta katikati ya kona pua ya gari hukimbilia nje na usukani huanza kunyang'anyana na mikono yako. Honda Civic Type R imepunguza sana tatizo hilo, nami naiheshimu kwa hilo, ila imelipunguza tu. Gari la kusukumwa na nyuma limegawa kazi tangu mwanzo. Mbele hugeuza, nyuma husukuma, na kila unapoongeza mafuta uzito huhamia nyuma, juu ya matairi yanayohitaji kukandamizwa. Usukani hubaki mwepesi na msafi, ukikueleza hali ya lami na si habari za injini.

Watengenezaji wanalijua jambo hili vizuri kuliko matangazo yao yanavyoonyesha. BMW walipoiwekea M5 mfumo wa magurudumu manne kwa mara ya kwanza mwaka 2017, ikiwa na nguvu za farasi 600, waliweka pia chaguo la kukata kabisa nguvu ya mbele, na chaguo hilo halikubali mpaka dereva azime kwanza mfumo wa kielektroniki unaozuia gari kuteleza. Yaani walibuni kifaa cha gharama kubwa, kisha wakampa mteja njia ya kukiweka kando siku anapotaka kufurahi. M5 ya sasa ina nguvu za farasi 727 na uzito unaozidi kilo 2,400. Sijui barabara ipi ya umma inayoweza kuzimeza nguvu hizo zote bila dereva kuishia polisi au hospitali.

Ndiyo maana nikiambiwa nichague, nachagua Toyota GR86: injini ya lita 2.4 isiyo na turbo, nguvu za farasi 235 kwa toleo la Japani, uzito usiofika kilo 1,300, gia za mkono kwa anayezitaka. Kwenye mstari ulionyooka itaachwa na magari mengi ya kifamilia ya umeme. Kwenye kona, hata kwa mwendo unaoruhusiwa na sheria, inampa dereva kazi ya kufanya.

Nimetaja umeme, na hapo kuna jambo ambalo sikulitarajia. Magurudumu ya nyuma yalikaribia kutoweka kwenye magari madogo kwa sababu za fedha na nafasi: injini ikilazwa kwa upana mbele, hakuna propela shafti, ule mhimili wa kupeleka nguvu nyuma, chini ya sakafu, wala difu ya kuigawa kwa magurudumu ya nyuma. Mota ya umeme imefuta hoja hiyo, kwa kuwa ni ndogo na inakaa popote. Volkswagen, waliotutengenezea Golf ya kuvutwa na mbele tangu 1974, waliiweka mota ya ID.3, gari lao la umeme, nyuma. Kinachonisumbua ni uzito wa betri.

Huku kwetu, hata hivyo, mambo huamuliwa na kinachouzwa kwenye minada ya Japani. Toyota Mark X, nayo ya kusukumwa na nyuma na inayopendwa sana Kenya, iliacha kutengenezwa mwaka 2019, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, mlango wake unafungwa. Toyota Crown, iliyosukumwa na nyuma tangu 1955, mwaka 2022 ilikuja na umbo jipya lililoinuliwa ambalo injini yake imelazwa kwa upana mbele. Ya kusukumwa na nyuma ikarudi baadaye kama sedani, na sitegemei kuiona kwa bei yetu hivi karibuni.

Mark II ya baba mdogo bado inatembea. Kila nikimuuliza anauza kiasi gani, ananijibu kwamba kwanza nikamnunulie beringi ya katikati ya propela, ndipo tuzungumze.