Kidole cha Kibarua Kinapobaki Getini

Jirani yangu wa Kijenge alifanya kazi miaka miwili kwenye shamba la maua upande wa Usa River, hapa Arusha, Tanzania. Kila asubuhi kabla ya saa moja alipanga foleni getini na wenzake, wakabonyeza kidole kwenye mashine ya mahudhurio mmoja baada ya mwingine. Anayeshika waridi kutwa nzima hana ncha laini za vidole: miiba inachana, dawa zinakausha ngozi, na mashine ikishindwa kusoma mistari inamkataa. Siku kama hizo alimsubiri msimamizi aje amwandike kwa mkono. Msimamizi akichelewa, aliyehesabiwa kuchelewa ni yeye.

Hoja ya waajiri nimeisikiliza, na ina uzito. Zamani ilikuwa daftari. Mtu mmoja anawasainia watatu waliolala nyumbani, mwisho wa mwezi mshahara unatoka, na anayeumia si mwenye shamba peke yake, kwa sababu aliyefika ndiye anayebeba kazi ya asiyefika. Kidole kilikomesha hilo. Kiliwapunguzia pia vibarua ugomvi na karani aliyekuwa akiruka siku zao kwenye hesabu. Mwajiri anayesema mashine imeleta haki hasemi uongo.

Ninachobishia ni kile kinachobaki ndani ya mfumo mtu akishaingia kazini. Wauzaji hutueleza kwamba mashine haitunzi picha ya kidole. Inapima mahali mistari inapokatika au kugawanyika, kisha inageuza vipimo hivyo kuwa namba. Mashine nyingi hufanya hivyo kweli. Lakini mwaka 2019 watafiti walikuta hifadhidata ya BioStar 2, mfumo wa kufungulia milango wa kampuni ya Suprema ya Korea Kusini, ikiwa wazi kwenye intaneti, na wakaripoti kwamba ndani yake kulikuwa na alama za vidole za watu zaidi ya 1,000,000. Hiyo ni kampuni ambayo ulinzi ndiyo biashara yake. Sasa fikiria ofisi ya shamba yenye kompyuta moja, anayoitumia karani wa mishahara, mtunza stoo na kijana aliyekuja mafunzo kwa vitendo. Namba ya siri ikivuja unaweka nyingine. Vidole unavyo kumi, basi.

Wapo wanaoniambia tulishatoa vidole zamani, kwenye laini za simu, tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019. Ni kweli, ila pale kidole kinalinganishwa na kumbukumbu za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, hakikusudiwi kubaki kwa wakala. Na hata hapo tuliona wakala mwenye nia mbaya anavyoweza kusema "mtandao unasumbua, weka tena dole," kumbe anasajili laini ya pili kwa jina lako. Ndiyo sababu watu wanahimizwa kupiga *106# kuhakiki laini zao.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za kibayometriki katika kundi la taarifa nyeti, na kwa kawaida haziruhusiwi kuchakatwa bila ridhaa ya maandishi ya mhusika. Tume ya kusimamia jambo hilo ipo. Shida ninayoiona iko kwenye hiyo ridhaa. Mama ametoka nyumbani alfajiri, amepanda daladala mbili, nyuma yake kuna watu wanaoitaka nafasi hiyo hiyo, na fomu amepewa akiwa amesimama. Akikataa kusaini anarudi nyumbani. Jina la kitendo hicho si ridhaa. Kenya walilipitia jambo linalokaribiana na hili: watu wa Nairobi walipanga foleni kupigwa picha za mboni na mradi wa Worldcoin ili wapewe sarafu za kidijitali. Serikali ikasimamisha shughuli hiyo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe, ikiona hazikukusanywa kwa ridhaa halali.

Sisemi mashine zing'olewe zote. Stoo ya viuatilifu, au chumba cha fedha, naelewa kwa nini vinataka uhakika zaidi ya funguo. Kwa geti la vibarua ipo njia ya kati: kadi yenye chipu inayotunza alama ya mwenye kadi, ili mashine ilinganishe kidole na kadi tu, bila ghala la vidole ofisini. Inagharimu zaidi, na kadi hupotea. Kwangu gharama hiyo ni ya mwajiri, maana ndiye aliyetaka kidole. Na asiyesomwa vidole vyake apewe njia nyingine tangu siku ya kwanza, isiyomnyima hata saa moja ya malipo.

Jirani yangu aliacha kazi mwezi wa tatu. Siku ya mwisho aliitwa ofisini na orodha ikasomwa: buti jozi moja, ovaroli mbili, glavu, mkasi. Alirudisha vyote na kusaini. Alipouliza kidole chake kitatolewa lini kwenye mashine, karani alipekua orodha upya, akamwambia hicho hakimo.