Petroli ya Baharini, Ushuru wa Barabara

Kila Jumamosi asubuhi barabara ya Corral Hollow, mashariki mwa Livermore hapa California, hujaa magari yanayokokota pikipiki. Wanakwenda Carnegie, eneo la serikali ya jimbo lililotengwa kwa watu wa kupanda vilima kwa pikipiki. Jirani yangu ni mmoja wao. Juzi alikuwa akiosha matope kwenye magurudumu huku akilalamikia kesi ya Tesla, na tangu siku hiyo nimeshikwa na wivu usiotoka.

Tesla hii si magari. Ni ardhi iliyopakana na Carnegie, zamani machimbo ya makaa ya mawe. Serikali iliinunua miaka ya 1990, zaidi ya ekari 3,000, kwa fedha za mfuko wa hawa waendesha pikipiki, ili wapanuliwe eneo. Watetezi wa mazingira na Kaunti ya Alameda wakaenda mahakamani kupinga. Mwaka 2021 mzozo ukaisha: ardhi ikawa hifadhi isiyoingia pikipiki, na sheria aliyotia saini Gavana Newsom ikatenga karibu dola milioni 30 kuurudishia ule mfuko. Jirani anaona amedhulumiwa. Mimi naona mtu aliyerudishiwa chake.

Hoja ya waendesha pikipiki ni nyepesi hata mtoto ataielewa. Ushuru wa mafuta ni wa barabara. Anayechoma petroli yake porini hajaigusa barabara, kwa hiyo sehemu yake inakadiriwa na kuwekwa kando, kwenye mfuko ulioanzishwa kwa sheria ya 1971. Wakaguzi wanaufuata, wanaharakati wanaufuata, na sehemu yake lazima itumike kuponya ardhi iliyochimbuliwa na magurudumu. Na si pikipiki tu. Mafuta ya boti nayo yana mfuko wake, wa bandari na vyombo vya majini.

Boti! Hapo ndipo moyo uliponiuma, maana mimi ni mtu wa Kizingitini, kijiji cha wavuvi kisiwani Pate, Lamu, kule Kenya.

Ami yangu hununua petroli kwa dumu la lita 20. Tangu Julai 2024, ushuru wa ukarabati wa barabara ulipotolewa shilingi 18 na kufikishwa 25 kwa lita, dumu moja linambeba shilingi 500 za barabara. Mashine yake haijawahi kukanyaga lami. Inatoka gatini, inakwenda mwambani kwa kamba na samaki, inarudi gatini. Shilingi 500 kila dumu, hata siku anayorudi na tenga tupu. Kisha magavana na wabunge wakaburutana kortini juu ya shilingi bilioni 10.5 za ushuru huo huo, na katika kelele zote hizo sikusikia hata mmoja akimtaja mvuvi.

Najua nitakayoambiwa. «Umeshiba, bwana, sasa watufundisha.» Sijashiba, na hiki si kiburi. Huku California nako wanagombana vibaya. Kwenye fukwe za Oceano, kusini mwa Pismo Beach, tume ya pwani ilipiga kura mwaka 2021 magari yaondolewe mchangani ndani ya miaka mitatu, kwa ajili ya vumbi na ndege wanaotaga pale. Mwaka 2023 jaji akaupindua uamuzi huo. Watu wamenuniana. Lakini wanagombania mahali pa kuendeshea, wakijua fedha ziko wapi na ni za nani.

Mwingine atasema sisi hatuna desturi ya kesi. Huyo hawajui watu wa Lamu. Ni wavuvi wetu, wapatao 4,600, walioishtaki serikali juu ya bandari ya Lamu, ya ule mradi wa LAPSSET wa kuiunganisha Kenya na Ethiopia na Sudan Kusini, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Watu wa mitumbwi walisimama mbele ya majaji wakashinda! Najivunia hilo popote niendapo. Halafu wakangojeshwa miaka na miaka, wengine wakazikwa bila kuona senti, na hasira yangu iko hapo: haki tunaijua, tunaipigania, tunaipata kwenye karatasi.

Na asiniambie mtu kuwa mafuta ya boti hayahesabiki. Boti zimesajiliwa, mashine zina nguvu inayojulikana, na pampu za kujazia katika visiwa vyetu kila mtu anazijua. California wanakadiria mafuta ya pikipiki zinazorandaranda vilimani kwa starehe. Sisi tunashindwaje na mashine inayolisha nyumba?

Viongozi wa BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, za Kizingitini, Faza na Kiunga, nawaomba: wekeni risiti za petroli, kila moja na jina la boti na tarehe. Wakili yeyote atakayeshika jambo hili ataziulizia hizo kwanza, na gharama za kuanza kumtafuta niko tayari kuchangia.